Adui kwenye tanga: mwongozo kamili wa kuchora maadui wa sinema kwa utani, kwa watu wa Amu

Keti baraza lolote hapa Amu, yaani Lamu, uwaulize watu wa rika lako, ile filamu ya Kihindi ya jamaa akivaa kidude mkononi haonekani, stering alikuwa anaitwa nani ndani ya filamu? Watakuna vichwa. Sasa uliza adui alikuwa nani. Mogambo! Na atakayejibu hatasema jina tu, atakodoa macho, atanyoosha shingo na vidole vitaanza kugonga-gonga kwenye baraza vile vile. Filamu ni Mr. India ya 1987, Amrish Puri aliyemcheza amefariki tangu tarehe 12 Januari 2005, na vidole bado vinagonga.

Stering hafi kwenye filamu, lakini kichwani mwa watu ndo wa kwanza kufa. Adui anabaki. Na maduka ya picha hapa mjini ukipita utaona nini? Punda, jahazi, jua la magharibi, alafu punda tena. Maadui hakuna hata mmoja. Kwa hivyo huu mwongozo ni wa kuwachora hao, kwa utani, juu ya kitambaa cha tanga kuukuu, kwa mpangilio wa leso: pindo pande zote, mji (ule uwanja wa picha) katikati na jina, yaani ule msemo, chini.

Kabla hujaanza shika jambo hili moja, mengine yote yanatoka hapo: adui asijue kwamba anachekesha. Ukimchora Mogambo ametoa ulimi au amevaa chupi kichwani umeharibu, hiyo ni katuni ya ukuta wa choo. Adui abaki na ukali wake wote, heshima yake, koti lake, na macho yake ya kutaka kuichukua dunia, ila kazi anayoifanya iwe ya hapa kwetu. Utani uko kwenye kazi, uso hauhusiki.

Na kama unaona aibu kwamba ni mambo ya kitoto, angalia wenzako wa mbali. Kanisa kuu la Washington kule Marekani, National Cathedral, lina kichwa cha Darth Vader, adui wa filamu za Star Wars, cha jiwe juu kabisa kwenye mnara, kimechongwa miaka ya themanini baada ya mtoto wa miaka 13 kupeleka mchoro wake kwenye mashindano. Odessa, Ukraine, mwaka 2015 msanii Oleksandr Milov alichukua sanamu la Lenin akaligeuza kuwa Darth Vader, na ndani ya kofia akaweka Wi-Fi. Na Wahindi ndo kabisa, Gabbar Singh wa filamu ya Sholay, jambazi anayetesa vijiji vizima, alipewa tangazo la biskuti za Britannia na biskuti zikauzwa. Sasa kitambaa chako kimoja ni kitu gani?

Kumchagua adui

Usichukue adui ambaye wewe peke yako unampenda. Chukua ambaye watu wa rika tatu wanamjua, baba, kijana na mtoto, hata kama mtoto amemjua kwenye TikTok tu. Alafu awe na alama. Alama ni kitu kimoja ambacho hata ukimfunika uso bado anajulikana. Jaribio ni rahisi, chora ile alama tu kwa kalamu kwenye karatasi, nenda kamuonyeshe mtu anayekunywa kahawa zake asiyekuwa na habari na mambo yako, akitaja jina umepata, akisema hii ni sufuria rudi nyumbani.

Mfano mzuri kuliko wote ni Blofeld, yule bosi wa maadui kwenye filamu za James Bond. Ile ya 1963 na ile ya 1965 uso wake hauonekani hata mara moja, unaona mikono na paka mweupe mwenye manyoya basi. Uso wameuonyesha mara ya kwanza 1967, mwigizaji Donald Pleasence na kovu lake. Yaani watu walishamjua na kumuogopa kwa paka tu! Na baadaye mchekeshaji Mike Myers akaja kumfanyia utani kama Dr. Evil mwaka 1997, na siku hizi kuna vijana wanamjua Dr. Evil vizuri lakini Blofeld hawajawahi kumsikia, kivuli kimemshinda mwenye kivuli. Kwa hivyo huyu akikushinda uso usihangaike, chora mikono na paka.

Kumpa kazi ya Kiamu

Hapa ndo watu wengi wanapotea manake wanachukua adui yeyote wanamweka juu ya punda wanasema tayari. Kazi lazima itoke kwenye alama. Ukiulizwa kwa nini huyu anafanya hii kazi uwe na jibu, na jibu liwe tayari liko kwenye picha bila wewe kusema.

Han wa Enter the Dragon, ile ya Bruce Lee ya 1973, alichezwa na Shih Kien, mzee wa karibu miaka 60 wakati huo, na mkono wake mmoja ni wa kubandika, anaweka makucha ya chuma. Mtu mwenye makucha ya chuma Amu afanye kazi gani? Anakuna nazi. Mketishe kwenye mbuzi, mgongo umenyooka, kanzu yake nzuri, sahani ya machicha chini, ila mbuzi yenyewe haitumii anakuna kwa mkono wake. Nyuma yake weka vioo vingi kama vile kwenye ile filamu na kila kioo kina nazi.

Darth Vader ni rahisi tena kuliko unavyodhania. Ile pumzi yake, Ben Burtt aliyetengeneza sauti za filamu ya 1977 aliirekodi kwenye kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Basi Vader ni mzamiaji wa kamba wa baharini! Vijana wetu wanazama kwa pumzi zao wenyewe wanaibuka macho mekundu, yeye kazama na joho lake jeusi hana haraka, mkononi kamba mkubwa, anamtazama kamba kama anayemwambia habari nzito ya familia.

Richard Kiel, yule jitu la meno ya chuma kwenye filamu za James Bond, karibu mita 2.18, kazi yake ni kuambua muwa au kufua dafu kwa meno, na utamchora ameinama kwenye kichochoro cha Mkomani kichwa kinagusa daraja la juu ya njia. Gabbar je? Si ndo yule anayewauliza watu wake walikuwa wangapi, alafu hesabu ikikataa balaa? Mpe kazi ya utingo wa boti ya Mokowe, anahesabu abiria na maboya, mkanda wake wa risasi anaukokota juu ya mawe ya gati, na abiria wote wametazama chini. Mimi huyu ndo nampenda kuliko wote, sitaki hata kubishana.

Na Blofeld, paka. Hapa Amu! Mji ambao paka ni wengi na wana shingo ndefu na masikio makubwa mpaka wageni wanawapiga picha wakisema wametoka kwenye michoro ya Misri ya kale. Mtoe yule paka wa manyoya, mpe paka wa Kiamu, mwembamba, sikio limekatika, rangi ya tangawizi, na huyo paka hataki kupapaswa, anaangalia pembeni kuna kichwa cha samaki. Mikono yenye pete bado inampapasa kwa utaratibu. Mpango wa kuitawala dunia unasubiri paka ale kwanza.

Kitambaa

Tafuta tanga kuukuu kwa manahodha au mafundi wanaoshona matanga, ukienda Matondoni wanakotengeneza vyombo utapata pia. Salimia kwanza, kaa, usiingie na bei mdomoni. Mwambie mzee ukweli kwamba unataka kuchora, wengi watacheka na watakupa kipande kilichochakaa kwa pesa kidogo.

Hakikisha ni pamba. Siku hizi matanga mengi yamechanganywa na nailoni na rangi ya maji haishiki vizuri hapo, inabanduka kama ngozi ya nyoka. Chomoa uzi mmoja uuchome moto: pamba inaungua inakuwa jivu na harufu ya karatasi, nailoni inayeyuka inafanya kidonge kigumu. Fanya hivyo mbali na tanga lenyewe tafadhali.

Alafu chumvi. Tanga limekunywa bahari miaka, na chumvi ikibaki ndani inavuta unyevu na rangi itavimba msimu wa mvua. Loweka kwa maji matamu usiku kucha, mwaga, loweka tena, mpaka ukionja maji ya mwisho husikii chumvi. Usitumie maji ya kisima cha chumvi utakuwa hujafanya kitu. Na maji matamu ya huku yanatoka chini ya michanga ya Shela, si ya kuchezea, yale ya kuloweka yamwagie mnazi baada ya chumvi kupungua. Sabuni kidogo tu. Viraka na alama za kutu ziache, ndo uzuri wake, kiraka kikitokea begani kwa Gabbar ni zawadi.

Kata sentimita 110 kwa 150 hivi, karibu na kipimo cha leso, acha na sentimita 5 kila upande za kupigilia misumari. Fremu ya mbao yoyote iliyonyooka. Pigilia kuanzia katikati ya kila upande ukielekea kwenye pembe, kama unavyowamba ngoma, ukianza na pembe kitambaa kitakunjana na hakitanyooka tena.

Mkono wa kwanza ni gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa maji sehemu tatu, paka kote iache ikauke. Alafu rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili, piga msasa laini katikati. Kaskazi inakauka haraka, ukifanya hii kazi masika subiri siku nzima baina ya mkono na mkono hata kama juu inaonekana kavu. Na rangi ya mafuta ya kupakia boti usiitumie hapa, inang'aa vizuri lakini ukija kuviringisha kitambaa itapasuka.

Kuhamisha mchoro

Usinakili bango la filamu wala picha iliyotoka ndani ya filamu. Moja ni sheria, Kenya kuna sheria ya hakimiliki ya 2001, filamu inalindwa miaka 50 na mchoro wa msanii unalindwa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, na KECOBO, bodi ya hakimiliki, wapo. Pili ni kwamba ukinakili bango picha itakuwa imekufa. Wewe una rafiki, mketishe, mpe paka, weka tochi ya simu chini ya kidevu iangaze kwenda juu, piga picha. Mwanga wa chini ndo unaomfanya mtu awe adui, vivuli vinapanda juu ya macho, hata imamu wa upole akiangazwa hivyo utamkimbia. Hiyo picha ya rafiki yako ndo utaitumia kwa mkao na vivuli, alama ya adui unaiongeza wewe.

Mpango wa miraba: pindo litachukua sentimita 15 kila upande, kwa hivyo mji unabaki 80 kwa 120. Chora mchoro wako mdogo kwenye karatasi sentimita 16 kwa 24, gawa miraba ya sentimita 2, utapata 12 kwa upana na 8 kwa kwenda chini. Kwenye kitambaa piga miraba ya sentimita 10, ni hesabu ile ile 12 kwa 8. Mstari wa chini kabisa wa miraba usiuguse, ni wa jina. Alafu hamisha mraba mmoja mmoja kwa makaa, si kwa kalamu ya wino manake wino utapenya kwenye rangi nyeupe na hautoki.

Kuhusu kutia chumvi kwenye sura, ongeza kitu kimoja tu. Macho ya Puri yalikuwa makubwa yenyewe, yafanye makubwa zaidi na pua iache kama ilivyo. Macho yanakaa katikati ya kichwa, nusu juu nusu chini, watu wengi wanayaweka juu sana paji la uso linakosa nafasi. Ukiongeza macho na pua na taya na masikio kwa pamoja hajulikani tena ni nani.

Angalia pia mabango ya Ghana, yale ya miaka ya themanini na tisini, wachoraji walikuwa wanachora kwa mkono juu ya magunia ya unga kwa ajili ya watu waliokuwa wanazunguka vijijini na video na jenereta, na mara nyingine mchoraji filamu yenyewe hajaiona. Kwa hivyo unakuta nyoka na damu ambavyo ndani ya filamu havipo. Leo zinatundikwa kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Ule ujasiri wa rangi uchukue, damu acha.

Rangi

Anza na giza. Nyuma yote, joho, vivuli, alafu panda kwenda kwenye mwanga, macho na pete na meno mwisho kabisa. Rangi chache: nyeusi, nyeupe, nyekundu ya oksidi, manjano, buluu moja, zinatosha wallahi, zichanganye. Mwangaza ndani ya jicho ni nukta moja ya nyeupe, ukiweka nukta mbili anaonekana analia.

Pindo tumia mapambo ya milango yetu, yale maua na minyororo ya nakshi, kata kigezo kwenye karatasi ngumu ugonge na sponji usijiumize mkono. Watu wakiona pindo la heshima namna hiyo na katikati Darth Vader na kamba, hapo ndo wanacheka kabla hata ya kusoma.

Jina

Hili usilifanyie haraka. Herufi kubwa, mstari mmoja, fumbo. Liwe maneno ambayo mama yeyote angeweza kulivaa akapita nalo mbele ya jirani, na adui naye angeweza kulisema. Haya ni ya kwangu, chukua au tunga yako: UTANICHUKIA LAKINI HUTANISAHAU. Hilo linamfaa yeyote. Wa paka: MIPANGO NI YANGU, AMRI NI YA PAKA. Gabbar kwenye boti: MLIINGIA WANGAPI MBONA NAULI CHACHE. Vader: PUMZI NINAYO, WASIWASI NI WENU. Jina la adui usiandike, ukiona lazima uandike ujue alama haikutosha.

Na juu ya jina kwa herufi ndogo, si unajua zile leso za Mombasa zinaandikwa Mali ya Abdulla? Weka yako, Mali ya fulani, hiyo ndo saini yako. Usiandike Abdulla, ana wenyewe.

Mipaka

Mji wetu una watu wake. Wapo wasiotaka picha ya kiumbe ndani ya nyumba, usibishane nao, na usitundike upande wa msikiti wala njia ya kuendea. Usimvalishe adui kilemba cha mashekhe, usiweke maneno ya dini kwenye jina. Usimpe adui sura ya mtu wa mtaani hata kama mnafanana kweli, na wanasiasa waache, leo utani kesho uko kituoni unaeleza. Na mambo ya kuvaa mavazi, kofia ya kuficha uso na bunduki ya plastiki usiku vichochoroni, hapana kabisa. Huu mji umeishi na kafyu baada ya mashambulizi ya 2014, askari wa doria hatajua kwamba wewe ni shabiki.

Kuwakumbuka

Nyuma ya kitambaa andika kwa kalamu ya wino usiofutika: jina la mwigizaji, alicheza nani, filamu, mwaka, na tarehe aliyofariki. Amjad Khan, Gabbar, 1975, alifariki 27 Julai 1992. Nafasi yenyewe ilikuwa ya Danny Denzongpa, akawa Afghanistan anapiga filamu nyingine ndo ikamwangukia Amjad. Vader andika wawili, manake mwili ulikuwa wa David Prowse na sauti ya James Earl Jones, Prowse amefariki 28 Novemba 2020 na Jones 9 Septemba 2024. Kiel ni 10 Septemba 2014, kwa hivyo tarehe 9 na 10 Septemba una maadui wawili wakubwa wanafuatana, hiyo ndo siku ya kuweka maonyesho.

Maonyesho yenyewe yasiwe makubwa. Baraza, birika la kahawa, kashata, vitambaa vinne au vitano vimefunikwa vyote isipokuwa ile alama. Watu wanataja, anayepata anafunua. Usionyeshe filamu hadharani bila kuuliza KFCB, bodi ya filamu ya Kenya, maonyesho ya filamu kwa watu yana leseni zake, na hata hivyo ukiwasha filamu watu wataacha picha zako. Waachie wazee waigize, kuna mzee mmoja mmoja ukimtajia Gabbar tu anasimama mwenyewe bila kuombwa.

Na usimulie habari za waigizaji, zinapendeza kuliko filamu. Kwamba Kiel yale meno ya chuma yalikuwa yanamuumiza hawezi kukaa nayo muda mrefu, na watoto wakaandika barua kuuliza kwa nini asiwe mtu mzuri, na kwenye filamu ya 1979 akageuka akawa upande wa stering. Kwamba Puri alinyoa kipara kwa ajili ya kucheza adui kwenye filamu ya Indiana Jones ya 1984, akakipenda akaendelea nacho.

Kuuza na kusafirisha

Bei hesabu vitu vyako na siku zako alafu ongeza, usitazame bei ya picha za punda. Mwenyeji mpe bei ya mwenyeji lakini usimpe bure, akipewa bure atafungia nayo godoro.

Mteja wa kusafiri, kitambaa kitoe kwenye fremu ukiviringishe rangi ikiwa upande wa nje, ukiiweka ndani inajikunja na kufanya mikunjo. Katikati weka kitambaa cha marekani kikavu. Usifunge kwa plastiki, jasho likiingia na safari ndefu kitafika na ukungu. Viringisha ili urefu wa mzigo uwe ule upande wa sentimita 110, ingiza kwenye bomba la maji la PVC la inchi 4, ziba kwa kitambaa pande zote mbili. Na muulize mapema anasafiri na nini, manake ndege ndogo za Manda zina masharti yake ya mizigo, basi la Mombasa halina shida, utingo atalilaza chini ya viti.